Mkanda wa Baba na Mshipa wa Kisimani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa nyundo, daftari lenye jalada gumu, na dharau. Nyundo alinipa mtunza ghala. Daftari alinipa Mkuu wa Kituo. Dharau alinipa Kapita Venusti, msimamizi wa wachimbaji, mzee mfupi mwenye mabega mapana, aliyenitazama toka viatuni mpaka kwenye kilemba akawaambia watu wake kwa Kiswahili cha Kongo, akidhani sikijui: "Batuletea mwalimu ya batoto. Sisi tuliomba mutu ya mawe."

Jamani! Mimi ni mtoto wa Buyenzi, kule Bujumbura, mtaa ambao hata paka hulia kwa Kiswahili. Wazazi wangu walikuwa Wanyarwanda waliokimbilia Burundi. Ndani ya nyumba tulisema Kinyarwanda, kanisani tulisali kwa Kirundi, lakini kucheza, kugombana na kununua maandazi kulikuwa kwa Kiswahili. Nikamjibu palepale: "Mutu ya mawe ndiye huyu, Mzee. Mawe yenyewe yako wapi?"

Wachimbaji waliangua kicheko mpaka mmoja akaangusha sururu. Kapita hakucheka. Aliinama, akaokota jiwe jeupe, akaniwekea kiganjani. "Anza na hili," akasema, akaenda zake.

Lilikuwa kwatzi, lile jiwe jeupe gumu mnaloliona limetawanyika kwenye vilima vyetu hata hapa Kigali. Nikatoa lenzi ya mkono, nikaliangalia, nikaona punje nyeusi zinazong'aa ndani yake. Hizo ni kaseteriti, mawe yanayotoa bati. Jiwe lile ninalo hadi leo, kwenye dirisha la jikoni.

Nimeombwa niwaandikie nyinyi vijana mnaotaka kusoma uzamili wa jiolojia, niwaeleze kazi hii ilivyokuwa enzi zetu. Nitawaeleza. Lakini sitaipamba, maana tayari nawaona kwenye simu zenu mkitazama vilima kutoka angani kana kwamba nyinyi ni tai. Sisi tulivipanda kwa miguu.

Kituo chetu kilikuwa mwendo wa saa tatu kutoka Kigali kwa gari, mvua isiponyesha. Kilima kilikuwa kimoja, kirefu, na juu yake mshipa wa kwatzi ulijitokeza hatua kama arobaini hivi, kisha ukajificha chini ya udongo na migomba ya watu. Mshipa, kwa lugha yetu, ni ufa wa zamani kwenye mwamba uliojazwa madini. Juu unauona. Chini hauuoni. Kazi yote ya mjiolojia wa mgodi ni kusema: ukijificha hapa, kule chini utakuwa wapi?

Jibu linatoka kwenye dira. Dira yetu si ya kutafutia kaskazini tu. Ina kioo na pima maji ndogo, na inakupa mambo mawili: mwelekeo, yaani mwamba unakwenda upande gani, na mwinamo, yaani umelala kwa kiasi gani. Unaishika mbele ya tumbo, usawa wa kitovu, unachungulia kwenye kioo, unasubiri sindano itulie. Na somo la kwanza kabisa, kabla hata hujafundishwa jina la jiwe moja, ni hili: weka nyundo mbali. Chuma huvuta sindano. Ukimwona mtu anapima mwelekeo huku nyundo iko mkononi, huyo mnyang'anye dira umrudishe kwao.

Miaka mitatu nilikuwa Mjiolojia Msaidizi pale, na shahada yangu ya kwanza, na daftari langu. Nilichimba mitaro, nilijaza mifuko ya sampuli, nilipima ule mshipa na kuandika. Kapita Venusti alinishikia utepe wa kupimia. Alikuwa amefanya kazi kwenye migodi ya Kongo tangu ujana, na ndiyo maana mgodini kwetu lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili chake. Hakuwa na cheti hata kimoja. Lakini alikuwa akitembea kilimani kama mtu anayetembea chumbani kwake gizani, anajua kigoda kiko wapi.

Siku moja akaja Mkurugenzi wa Utafutaji Madini kutoka ofisi ya Kigali. Alikuwa Mtanzania, mrefu, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Akapekua daftari langu, akalifunga.

"Binti, unayajua mawe. Hata kapita anayajua," akasema. "Mimi nataka mtu wa kunichorea ramani ya kilima hiki, nikiitazama nijue handaki nitoboe wapi. Nenda kasome uzamili. Kilima hiki kiwe ndiyo tasnifu yako. Urudi na ramani."

Nilivimba kichwa, siwafichi.

Baba yangu alikuwa fundi chuma. Tuliporudi Rwanda alihama na nyundo zake na koleo zake, akafungua kibanda mtaa wa Gisozi, hapa Kigali, kwenye kelele za wachomeleaji na maseremala. Nilipomwambia nakwenda Tanzania kusomea mawe miaka miwili, aliendelea kufua chuma chake. Baada ya juma moja akanipa mkanda. Ngozi aliinunua, lakini bizimu, kile chuma cha kufungia, alikitengeneza mwenyewe kutokana na kipande cha springi ya lori: kipana, kizito, kimelainishwa mpaka unajiona ndani yake. Siku hizo hapakuwa na suruali ya kazi ya mwanamke. Tulivaa za wanaume, na kiunoni zilitupwaya.

"Huko milimani usije ukavuliwa nguo na miiba," Baba akasema. "Hii haikatiki mpaka ufe."

Maisha ya uzamili, wanangu, ndiyo miaka mitamu kuliko yote. Mwaka wa kwanza ni madarasa na maabara. Tulikuwa tunakata kipande cha jiwe, tunakigandisha kwenye kioo, tunakisaga taratibu mpaka kinakuwa chembamba mwanga unapita. Ukikiweka chini ya hadubini, jiwe la kijivu ulilolidharau linawaka rangi za zambarau, njano na buluu. Mara ya kwanza nilipiga ukelele, Profesa akauliza kama nimejikata. Tulikuwa wanne darasani. Mmoja leo anatafuta maji ya visima huko Dodoma, na anajulikana kuliko mbunge. Mmoja alirudi kwao Kenya kwenye mvuke wa ardhini unaozalisha umeme. Wa tatu alikuwa anaogopa nyoka, akabaki chuoni kufundisha, na ni mwalimu mzuri. Kwa hiyo mtu asiwaambie jiolojia ni kuchimba madini tu. Kuna maji, kuna barabara, kuna vilima vinavyoporomoka juu ya nyumba za watu, na kuna chaki.

Katikati ya mwaka huo wa kwanza Baba akafa. Moyo tu, ghafla, kibandani kwake. Nilipanda basi nikafika amekwisha zikwa. Tangu siku hiyo ule mkanda sikuuvua ila kulala na kuoga. Niliuvaa hata na sketi, watu wakanicheka, nikawaacha wacheke.

Mwaka wa pili ni kazi ya uwandani. Nikarudi kilimani kwetu na dira mpya ya chuo, majuma sita, kuchora ramani yangu. Kapita Venusti akanishikia utepe kama zamani. Nilipima ule mshipa mara nyingi mno, nimesimama juu yake, uso nimeuelekeza bondeni. Vipimo vikapatana vyote. Nikachora mstari, nikauendeleza chini ya udongo, na mstari ukateremka mpaka shule ya msingi iliyokuwa mguuni mwa kilima.

Kapita akatazama karatasi. "Madamu, hii mshipa haiendi shuleni. Iko inaenda kwa kisima."

"Umeuona wapi ukienda kisimani?"

"Sijaiona. Mawe yake naiona. Ukilima upande ya kisima, jembe inalia. Ukilima upande ya shule, jembe haisemi kitu."

Nikamweleza, kwa upole wa mtu anayejiona, kwamba mawe juu ya udongo huserereka na mvua na hayawezi kuaminika. Kisha nikafungua daftari langu la zamani, la miaka ile ya usaidizi, ili nimalize mabishano. Loo! Vipimo vya zamani vilikuwa vinaelekea kisimani. Tofauti ilikuwa nyuzi kumi na moja.

Na mimi nilifanya nini? Nilichukua kalamu nyekundu nikavipiga mstari. Nilijiambia: enzi hizo ulikuwa bado hujasoma. Aibu yake ninayo mpaka leo.

Tasnifu ilipita. Profesa aliniambia mbele ya wenzake kwamba hajawahi kuona vipimo vilivyopatana namna ile. Nikarudi nikiwa Mjiolojia Mwandamizi, nikapewa chumba chenye meza na mtungi wa maji. Mkurugenzi akaitundika ramani yangu ukutani, akaweka kidole karibu na shule, akasema, "Hapa." Kapita Venusti akaambiwa atoboe handaki kuingia kilimani kutoka upande ule, moja kwa moja, mpaka likutane na mshipa.

Alisema neno moja tu kikaoni. "Mimi naona ni kisimani."

"Wewe unaona. Mwenzio amepima," Mkurugenzi akamjibu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Walichimba kwa miezi. Handaki ni kazi ya jasho na subira: unatoboa, unalipua, unasubiri moshi utoke, unabeba kifusi, unaweka miti ya kushikilia dari, unaanza tena. Tukafika pale ramani iliposema mshipa upo. Mwamba mtupu. Tukaenda mbele mita ishirini, mwamba mtupu. Mbele tena, hivyo hivyo. Kila jioni Kapita alikuwa akitoka na jiwe la kijivu, analiweka mezani pangu, anakwenda kunawa. Safu ya mawe ya kijivu ikajaa meza.

Mkurugenzi akaja kutoka Kigali amefura. Ramani hakuishuku hata kidogo. Ilikuwa na muhuri wa chuo. Alimshuku mzee.

"Tangu mwanzo huyu alikuwa haitaki ramani," aliniambia chumbani kwangu, mlango umefungwa. "Amelipinda handaki makusudi ili aonekane yeye ndiye mjuzi. Jumatatu nampa barua. Aondoke, na nyumba ya kituo aiache."

"Mzee huyu hawezi kupinda handaki," nikasema.

"Basi ramani yako ndiyo imepinda?"

Nilinyamaza, wanangu, kwa sababu sikujua, na kwa sababu niliogopa kujua. Kapita alikuwa amebakiza miaka michache apumzike. Kufukuzwa kwa kosa la kudanganya handakini maana yake hakuna mgodi utakaompokea tena, na jina lake litatembea mbele yake kila kilima. Ile nyumba ya kituo ndimo alimowalea binti zake baada ya mambo ambayo yeye hakuyasema nami sikumuuliza.

Jumamosi nikaja Kigali. Jumapili baada ya misa nilikaa mezani kwa mama yangu, mtaa wa Kagarama, nikamwaga kila kitu nilichokuwa nacho: ramani, madaftari yote mawili, dira. Nilihesabu upya, sikuona kosa. Mama akapita, akautazama mkanda wangu, akasema bizimu imeingia kutu, Baba angenigombeza. Kweli kutu ilikuwa imeanza pembeni. Nikauvua, nikauweka mezani nikamwomba majivu na kitambaa.

Nikaona sindano ya dira inaondoka kwenye kaskazini, taratibu, inaielekea bizimu.

Nikausogeza mkanda mbali. Sindano ikarudi. Nikausogeza karibu. Ikaja tena. Nilifanya hivyo mara nyingi kama mwendawazimu, Mama amesimama na majivu mkononi. Kisha nikasimama, nikauvaa, nikaishika dira mbele ya kitovu kama nilivyofundishwa, na nikaelewa yote. Nyundo niliiweka mbali miaka yote. Chuma kingine nilikifunga tumboni, shubiri moja tu kutoka kwenye sindano. Na kwa kuwa mshipa ulikuwa ule ule, nami nilisimama vilevile kila nilipoupima, kosa nalo lilikuwa lile lile kila mara. Ndiyo maana vipimo vilipatana. Vile vya zamani, nilivyovipiga kalamu nyekundu, nilivipima kabla sijapewa mkanda.

Mama akaniuliza kuna nini. Nikalia. Nikamwambia Baba ameniharibia shahada. Kisha nikasikia nilichosema, nikalia zaidi.

Nilikuwa na njia ya kunyamaza, msifikiri sikuiona. Ningeweza kwenda kupima upya kimyakimya, nikasema kumepatikana ushahidi mpya. Lakini barua ya Kapita ilikuwa ya kesho asubuhi.

Nilifika kituoni alfajiri ya Jumatatu na gari la mboga. Ofisini kwa Mkuu wa Kituo walikuwa watatu: Mkuu mwenyewe, Mkurugenzi, na Kapita Venusti amesimama, kofia mkononi, amevaa koti lake la kanisani. Barua ilikuwa juu ya meza.

"Naomba kabla hajapewa," nikasema, "mtazame kitu."

Nikaweka dira juu ya barua. Kisha nikafungua mkanda. Mkuu wa Kituo akageuza uso ukutani, akidhani nimerukwa na akili. Suruali ilianza kuteremka, nikaishika kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikauweka mkanda mezani. Sindano ikageuka.

Nikawaeleza yote, mwanzo hadi mwisho, nimeshika suruali. Nikawaeleza na ile kalamu nyekundu pia, maana hiyo ndiyo ilikuwa dhambi. Mkanda ulikuwa bahati mbaya.

Mkurugenzi akasema polepole, "Unajua unachosema? Ramani hiyo ndiyo shahada yako."

"Najua."

"Na ungenyamaza?"

"Ningenyamaza, mzee huyu angekwenda nyumbani kwa kosa langu. Handaki limenyooka. Alichimba nilipomwambia."

Ndipo Kapita Venusti, ambaye hakucheka siku ile ya kwanza, alipocheka. Alicheka mpaka akaketi bila kukaribishwa. "Kumbe ni baba yako alitupoteza njia," akasema, anajifuta macho. "Basi huyo tumusamehe. Iko marehemu." Kisha akanitazama. "Sasa Madamu, funga suruali yako, wakubwa wanaona haya."

Mkurugenzi aliichukua ile barua akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Hakuwa mtu wa kuomba radhi, lakini alimpa Kapita mkono. Kwangu hakulainika. "Wewe hufukuzwi. Cheo naondoa. Utakuwa Msaidizi tena mpaka ramani isimame sawa. Na Profesa utamwandikia mwenyewe, leo, kabla ya chakula."

Niliandika. Jibu la Profesa lilikuwa fupi: "Pima upya kila kitu. Usinitumie machozi, nitumie vipimo. Mpaka hapo shahada yako haipo."

Nilipima upya miezi miwili, suruali nimeifunga kwa kipande cha kitenge. Wachimbaji walinipa jina, Mama Kitenge, na hadi leo kuna watu wazima Kigali wananiita hivyo barabarani. Kapita alishika utepe. Kila kituo cha kupimia alikuwa ananikagua kwanza, anazunguka, anauliza: saa? Vua. Funguo? Toa. Pini ya nywele? Nikamwambia pini ni ndogo mno kuvuta kitu. "Toa," akasema. Nikatoa. Mstari ukateremka kisimani.

Siku handaki jipya lilipokutana na mshipa nilikuwa ofisini. Nikasikia vigelegele vya wanaume, na mnajua wanaume hawajui kuvipiga. Kapita akaingia mavumbi matupu, macho tu ndiyo yanaonekana. Akanipangusia nafasi mezani, akaweka jiwe jeupe lenye punje nyeusi.

"Mutu ya mawe," akasema.

Tasnifu yangu ikapita mara ya pili. Cheo nilirudishiwa baada ya mwaka. Sijawahi kuona mwaka mrefu kuliko ule: mwaka wa kutumwa chai na vijana niliokuwa nimewafundisha. Uliniponya kichwa.

Mkanda niliuficha chini ya godoro, sikutaka kuuona. Kapita akauliza uko wapi. Akauomba. Juma moja akashuka Kigali, akaenda Gisozi, akamtafuta fundi aliyekirithi kibanda cha Baba. Akarudi nao una bizimu nyingine, ya shaba, kipimo kilekile, umbo lilelile. Shaba haivuti sindano.

"Sasa vaa baba yako," akasema. Alipoona natafuta kile chuma cha kwanza, akaniambia, "Ile nimebaki nayo. Mahali kuna dira, ile haifai. Siku utaacha mlima, nitairudisha."

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilihamia kwenye utafutaji wa maji mashariki, kisha kwa Mhandisi Mkuu wa Barabara, ambaye hakuamini mwanamke mpaka kilima kilipoporomoka pale nilipomwambia kitaporomoka, na nashukuru Mungu tulikuwa tumekwisha wahamisha watu. Miaka ya mwisho nilifundisha. Nimefundisha wanafunzi wa uzamili wengi, na kila mwaka, siku ya kwanza uwandani, niliwapanga mstari nikawakagua kama alivyonikagua Kapita: saa, funguo, mkanda, na siku hizi simu, hizo simu zenu. Nawaambia, chuma mbali. Kisha nawaambia jambo la pili, ambalo halimo kitabuni: msipige kalamu nyekundu juu ya kitu mlichokiandika kwa mikono yenu wenyewe kabla hamjajua kwa nini kimetofautiana. Mnasikia? Wananiitikia "ndiyo" huku wanatazama simu.

Kapita Venusti alipumzika kwa heshima, akalima kule kisimani miaka kadhaa, akafa kabla sijastaafu. Nilimzika nimevaa mkanda wa shaba. Ile bizimu ya chuma sikuiuliza. Nitamuulizaje mjane wake habari ya chuma?

Mwezi uliopita nilistaafu. Walinifanyia tafrija, wakanipa saa ya ukutani, kila mtu anapewa saa wakati ambapo hana tena haja nayo. Siku ya nne, nimekaa nyumbani Kagarama sijui nifanye nini na asubuhi, mlango ukagongwa. Mwanamke wa makamo, ametoka Busanza, amebeba kikapu chenye parachichi.

"Muraho, Mama Kitenge," akanisalimu. "Mimi ni binti mkubwa wa Venusti. Nimesikia umeacha kazi ya mlima."

"Nimeacha, mwanangu. Karibu ndani."

"Baba alisema siku utaacha, nikuletee hii. Alisema si kabla." Akafungua kitambaa. "Aliipaka mafuta kila Jumapili baada ya misa. Sisi tulidhani ni kitu cha dawa."

Ilikuwa bizimu ya Baba, haina hata doa moja la kutu.

Aliniuliza ni ya nini hasa. Nilikwenda kabatini nikaitoa dira, nikaiweka mezani, nikaiweka na bizimu karibu yake. Sindano ikaacha kaskazini, ikaja.

"Imeharibika?" akauliza.

"Haijaharibika," nikamwambia, nikampa kigoda, nikaanza kumsimulia tangu mwanzo habari za baba yake na baba yangu. Maisha yangu yote ya kazi nimewaambia watu chuma mbali. Siku hiyo sikukiondoa. Nilikiacha pale, na sindano ikamwelekea Baba mpaka chai yetu ikapoa.